Kidudu cha Milia Mbele ya Baraza la Pito

Siku mliyoniaga pale ofisini Sumbawanga mlinipa blanketi na redio, nami nikashukuru, ingawa betri hamkuweka. Kisha kijana mmoja wenu, yule mrefu wa upande wa mbegu, akaniuliza ni kesi gani iliyonishinda katika miaka yote ya kazi. Nikasema ni ya kidudu. Mkacheka, mkadhani mzee anavuta muda ili soda ziongezwe. Sasa nimestaafu, mvua inanyesha, na mke wangu hataki nimkalie jikoni, kwa hiyo nitawaandikia ilivyokuwa.

Niliajiriwa zama za Mwingereza, nikiwa nimetoka shule ya misheni sina ujuzi wowote isipokuwa mwandiko mzuri. Aliyenipokea alikuwa Mzee Anselmi, msaidizi mkuu wa Bwana Shamba, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa akivaa koti lile lile kiangazi na masika. Bwana Shamba mwenyewe alikuwa Mwingereza mwenye magoti mekundu, mpole, aliyeamini kwamba jambo lolote likiandikwa vizuri limekwisha kutendeka. Mimi niliwekwa chini ya Mzee Anselmi ili nijifunze kukamata vidudu.

Chombo cha kazi kilikuwa kichupa chenye kizibo, na kwenye kizibo imepita mirija miwili. Mrija mmoja unauelekeza kwa kidudu, wa pili unautia mdomoni, unavuta pumzi kwa nguvu, kidudu kinaingia chupani. Mrija ule wa mdomoni hufungwa kitambaa kwa ndani, ili kidudu kisiendelee na safari. Siku yangu ya kwanza kitambaa kilikuwa kimechomoka na mimi sikuangalia. Mzee Anselmi hakucheka. Alifungua daftari akaandika kwamba vidudu vilivyokamatwa ni kumi na viwili, vilivyopo ni kumi na kimoja, na kimoja kimepotea kazini.

Basi vijana, kabla ya kuvuta, angalia kitambaa. Hilo ni funzo la kwanza, na wala si dogo. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimeenea kwamba serikali imeajiri vijana wa kula wadudu, na mama yangu akatembea kutoka Mwimbi na kuku mzima mkononi, akiamini kwamba kazini hatupewi chakula.

Kidudu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele. Rangi yake ni ya nyasi zinazoanza kukauka, na usoni kina vidoa viwili vyeusi. Ukikisogelea kinatembea kiubavu na kujificha upande wa pili wa jani. Ukizunguka, nacho kinazunguka. Hakitafuni jani kama panzi. Kinachoma mdomo wake ndani na kufyonza maji ya jani, na kama jani lile lilikuwa gonjwa, kinaondoka na ugonjwa tumboni na kuupeleka kwenye hindi jingine, na jingine tena, hadi siku ya kufa kwake. Majani hutoka milia myembamba ya rangi ya kufifia, kama yamepitishwa kitana. Hindi likipatwa lingali changa halizai kitu. Likipatwa limekwisha kuwa kubwa huzaa, ila kwa kinyongo. Sisi tulikiita kidudu cha milia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kukipa jina. Watu hawakujua kama kipo.

Vidudu vilivyokamatwa tuliviweka kwenye vizimba vya fito tulivyovivika melimeli, juu ya miche mizima ya mahindi, tuone kama itaugua. Melimeli nilitumwa kuinunua kwa Mzee Abdalla, mwenye duka la nguo mjini. Akaniuliza kwa adabu kama tuna harusi. Nikasema hapana. Akashusha sauti na kuuliza kama tuna msiba. Nilipomwambia ni ya kuwafunika wadudu wasitoke, alinikatia kitambaa, na tangu siku hiyo alikuwa akiniombea dua kila ninapopita.

Amri ya msimu ule ilikuwa fupi: shamba lenye milia ling'olewe lote na kuchomwa moto. Nilikuwa kijana, na amri fupi humpendeza kijana. Pale Kasense mkulima mmoja alitii siku ile ile, tukang'oa pamoja mimi na yeye, na wakati tunang'oa nikaona kwa macho yangu vidudu vikiruka kutoka kwenye mabua yaliyolala na kuhamia kwa jirani, bila haraka, kama watu wanaohama nyumba inayovuja. Nikamwambia Bwana Shamba. Akasema amri haikutaja majirani. Wiki chache baadaye tukaenda kumng'olea jirani. Nilimwuliza Mzee Anselmi mwisho wake utakuwa nini. Akasema tutaendelea hivyo hivyo hadi tufike ziwani, na pale ugonjwa utakoma kwa kukosa mahindi.

Hapo ndipo nilipotumwa kijijini Pito, peke yangu, na baiskeli ya idara.

Mama Sesilia alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Ulezi wake wa msimu ule ulikuwa umeliwa na ndege, kwa hiyo chakula chote cha mwaka cha nyumba ile kilikuwa kimesimama kwenye shamba moja la mahindi, lililolimwa kwa matuta yetu ya mviringo ambayo ndani yake hufukiwa nyasi. Shamba lilikuwa zuri. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Lakini majani yalikuwa na milia, hilo sikuweza kulikana, nami nikasimama pale na karatasi yangu na kumweleza kwamba lote litang'olewa. Hakulia wala hakunitukana. Aliniletea kigoda, akakaa mkekani mbele yangu, akaniuliza maswali kama mtu anayeulizia njia.

"Mwanangu, aliyeleta milia hii ni nani?"

Nikamweleza habari za kidudu, kwa kirefu, maana nilikuwa nimeshaanza kujiona mtaalamu.

"Umemkamata?"

"Vipo vingi sana, mama. Havikamatiki vyote."

"Kwa hiyo shamba langu limevamiwa. Mbona anayeadhibiwa ni aliyevamiwa?"

Kwenye karatasi yangu hapakuwa na nafasi ya swali kama hilo. Akasema yeye hakatai amri, hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kukataa amri, ila jambo hili atalipeleka barazani kwa jumbe, na wazee wakisema ling'olewe, ataling'oa kwa mikono yake mwenyewe. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba mali iliyo kwenye shauri haiguswi mpaka shauri liamuliwe. Nilipanda baiskeli nikarudi mjini nikidhani nimecheleweshwa siku tatu.

Baraza la Pito lilikaa kila Alhamisi: jumbe, wazee watano, karani mwenye daftari kubwa, na tarishi aitwaye Yakobo, mtu mcha Mungu kuliko padre. Mama Sesilia alipiga goti, akasalimu, akarudia swali lake. Wazee walitazamana. Mmoja akasema kweli, tangu baraza hili lianze hawajawahi kuhukumu jambo bila mshtakiwa kuwepo. Jumbe akaniagiza nimlete. Nikauliza nimlete nani. Akasema, "Huyo kidudu."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi nilirudi ofisini nikamweleza Bwana Shamba nikitumaini atapiga meza. Hakupiga. Vijana, Mwingereza humwezi kwa nguvu, lakini ukimwonyesha utaratibu anavua kofia. Alifikiri kidogo akasema kwamba haki ni haki, na kwamba baraza la wenyeji liheshimiwe. Akanipa kioo cha kukuzia vitu, chenye mpini wa shaba, ili wazee waone vizuri.

Alhamisi iliyofuata nilifika na vidudu ishirini ndani ya kizimba. Karani alifungua daftari lake, lenye mistari ya jina, jina la baba, kijiji, kabila na dini, wala hakukubali kuacha mstari wazi. Tuliandika Kidudu, wa Pito, baba hajulikani. Kwenye dini kulitokea mabishano, hadi mzee mmoja akasema waandike bado. Kisha Mama Sesilia akasimama, akauliza kwa upole kama vidudu hivi vimetoka shambani kwake au nimeviokota njiani, maana itakuwa dhambi kumshtaki mgeni. Ni kweli nilikuwa nimevikamata karibu na mji, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na sikutaka kufika mbali. Shauri likaahirishwa kwa wiki moja ili nilete washtakiwa wenyewe.

Nilileta wenyewe. Siku hiyo kila mzee alitaka kuangalia kwa kioo, na kila aliyeangalia aliinua melimeli kidogo ili aone vizuri zaidi. Vidudu sita vikatoka. Kimoja kilitua kwenye kofia ya jumbe, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpiga jumbe kichwani, kilikaa pale kwa muda kikitazama baraza. Kisha kikaruka dirishani. Karani akaandika kwamba washtakiwa sita wametoroka wakiwa chini ya ulinzi, na Yakobo akakaripiwa mbele ya watu. Aliumia moyoni yule mtu. Muda uliobaki ulitumika kutafuta watoro.

Alhamisi ya nne Mama Sesilia alisema sasa ameviona na anashukuru, ila bado hajaona kosa. Anaambiwa vinapeleka ugonjwa. Basi na vipeleke hapa hapa, mbele ya wazee, kwenye miche mizima. Mimi nilifurahi sana, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa. Nilipanda mbegu kwenye makopo manne, na miche ilipochipua vizuri nikaifunika, nikatia vidudu vipya vya shambani kwake, nikampa Yakobo kazi ya kuilinda kwa wiki mbili, usiku na mchana, ndani ya chumba cha baraza. Nilimweleza mara tatu kwamba asifungue kizimba. Alisema ameelewa.

Katika siku hizo Bwana Shamba aliandika barua tatu kuniuliza kama shamba la Pito limeng'olewa. Nilijibu zote kwa mwandiko wangu mzuri kwamba shauri liko barazani. Mzee Anselmi alisoma nakala zangu, akazirudisha mezani, akasema, "Huyo mama ana akili." Nilidhani anamsifia kwa maswali yake.

Wiki mbili zilipokwisha tulifunua makopo mbele ya umati, maana kufikia hapo watu walikuwa wakija kutoka vijiji vya mbali na chakula chao. Miche yote minne ilikuwa na milia. Niliona fahari, nawaambia kweli, kama mtu aliyeshinda kesi kubwa. Wazee walikunja nyuso, jumbe akajikohoza ili atoe hukumu. Ndipo Mama Sesilia alipoomba ruhusa ya kumwuliza tarishi swali moja tu.

"Ndugu yangu Yakobo, muda wote huo hawa wafungwa walikula nini?"

Yakobo alisimama wima. Alieleza kwamba mfungwa hata akiwa mdudu ni kiumbe, na kwamba mfungwa wa baraza hula kwa gharama ya baraza. Hiyo ndiyo sheria, na Injili inasema hivyo hivyo. Kwa hiyo kila asubuhi alikata majani mabichi ya mahindi, akainua melimeli kidogo tu, akayaingiza ndani. Mama Sesilia akamwuliza aliyakata wapi. Yakobo akasema kwa fahari kwamba hakuwapa chakula duni. Aliyakata kwenye shamba la jumbe lililo nyuma ya baraza, tena alichagua majani mazuri zaidi, yale yenye mistari mistari.

Nilielewa mara moja kwamba kipimo changu kimeharibika: hakuna mtu ambaye angeweza kusema ugonjwa umetoka shambani kwa mjane au nyuma ya baraza kwa jumbe. Nilielewa pia kwamba, kwa amri ya idara, shamba la jumbe nalo ni la kung'olewa, na kwamba mtu wa kulisema hilo ni mimi, mwenye miaka ishirini na baiskeli ya kuazimwa. Niliogopa, sifichi. Nilisimama nikasema kipimo hakifai na lazima kirudiwe, na kuhusu shamba la jumbe nikasema nitahitaji kulikagua kwa wakati wake. Jumbe akasema haki haina haraka.

Tangu siku hiyo jumbe alikuwa mpenda haki mkubwa. Aliagiza kipimo kirudiwe kwa makopo manane badala ya manne. Aliagiza udongo utoke mahali pa mbali ili usiwe na upendeleo. Mbegu za kwanza zilipochelewa kuota kwa baridi, alikataza tusipande nyingine mpaka wazee wote watano wazikague. Mzee mmoja akafiwa na shemeji, baraza likasimama. Ikaingia Juma Kuu, kisha Pasaka, na Yakobo akasema hatalinda wafungwa siku Bwana alipofufuka, hata serikali imfunge yeye. Mimi nilikwenda na kurudi kwenye tope lile, nikisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda, nikijiambia kwamba hakuna kijana Tanganyika nzima anayefanya kazi ya kipuuzi kama yangu.

Hatimaye makopo manane yalifunuliwa. Milia ilikuwepo. Yakobo aliapa kwamba safari hii wafungwa hawakupewa kitu zaidi ya miche yenyewe, na alionekana kuwaonea huruma. Baraza lilitoa hukumu yake kwa kauli moja: Kidudu wa Pito ana hatia, na shamba la Mama Sesilia ling'olewe lote na kuchomwa moto, kama ilivyoamriwa tangu mwanzo. Nilitazamia kilio. Moyo wangu ulikuwa mzito, maana kwa wiki zote zile nilikuwa nimekunywa uji kwake, macho yangu yakiwa kwenye makopo wala si shambani, na watoto wake walikuwa wameshanizoea na kuniita mjomba. Mama Sesilia alipiga goti.

"Nimesikia, wazee. Kesho nitang'oa."

Kesho yake nilikwenda Pito mapema, nikiwa nimekusudia kumsaidia, kwa sababu kung'oa shamba zima peke yake ni adhabu juu ya adhabu. Nikaona moshi tangu mbali. Nilipofika nilimkuta yeye na watoto wake wanne wakiburuta mabua na kuyatupa motoni, wanaimba. Mabua yalikuwa makavu. Hayakuwa na hindi hata moja.

Nilisimama nikatazama matuta matupu, nikatazama ule moto, kisha nikatazama nyumbani kwake. Kihenge kilikuwa kimejaa hadi kifuniko kimeinuka. Magunzi mengine yalikuwa madogo, mengine yameota punje upande mmoja tu, lakini yalikuwa mahindi, na yalikuwa mengi. Ndipo nilipohesabu wiki kwa vidole. Mwanamke yule hakuwa ameshindana na mimi hata siku moja, wala na kidudu, wala na Mwingereza. Alikuwa anangoja ndevu za mahindi zikauke. Kila swali lake barazani lilikuwa limemnunulia Alhamisi moja, au mbili, na swali lile alilomwuliza Yakobo lilimnunulia karibu msimu uliobaki, kwa kumpa jumbe naye sababu ya kungoja ya kwake yakomae. Nikaona aibu kwa vile nilivyokuwa na haraka ya kuwaangamizia watoto wale chakula. Halafu furaha ikanipanda hadi nikalazimika kukaa chini.

Nilimwuliza kama tangu mwanzo alijua itakuwa hivi. Alikuwa anafuta majivu mikononi.

"Habari za kidudu ndiyo nimejifunza kwako, mwanangu, na nakushukuru. Lakini baraza letu nalijua tangu nilipozaliwa."

Nikatoa karatasi yangu. Shamba limeng'olewa: ndiyo. Limechomwa moto: ndiyo. Mwenye shamba ametii: ndiyo. Kila neno lilikuwa kweli. Bwana Shamba aliposoma aliniambia ni taarifa bora kuliko zote za msimu ule, na kwamba ningeweza kuwa mfano kwa wengine. Mzee Anselmi alikuwa amekaa pale pembeni, akainamia daftari lake, na ndiyo mara ya pekee niliyoona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Kidudu cha milia bado kipo, ninyi mnajua, na sasa mna mbegu zinazokivumilia, na nawaonea wivu. Siku zile hatukuwa na mbegu hizo. Tulikuwa na amri, mimi na baiskeli, na amri ile iliendelea misimu kadhaa baada ya hapo. Kwenye mafaili ya idara mtakuta wakubwa wanalalamika kwamba mkaguzi wa upande wa Pito huchelewa mno kufika mashambani, na kwamba baiskeli yake ilikuwa ikipata pancha kila mara mahindi yanapotoa ndevu. Ni kweli. Nilikuwa naitoboa mipira mwenyewe, kwa mwiba.